Matatizo ya umiliki wa mafaili kwenye seva

Matatizo ya umiliki wa mafaili kwenye seva ni hitilafu zinazotokea pale programu ya seva inaposhindwa kuwaka, au inapowaka na kuzimika papo hapo, kwa sababu mafaili inayoyahitaji yamesajiliwa kwa jina la mtumiaji mwingine wa kompyuta. Hitilafu hizi hutokea sana katika mifumo ya uendeshaji ya jamii ya Unix, kama vile Linux na FreeBSD, ambayo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za tovuti na hifadhidata duniani.

Katika hitilafu ya namna hii programu yenyewe kwa kawaida ni nzima na data zipo diskini kama zilivyokuwa. Kilichobadilika ni jina la mwenye mali tu. Hata hivyo dalili zake hufanana na za uharibifu mkubwa: tovuti haifunguki, hifadhidata haijibu, na ujumbe wa makosa unaweza kudai kwamba faili halipo. Msimamizi asiyetambua chanzo huweza kufuta mafaili ya hifadhidata au kuisakinisha upya, na hivyo kupoteza data ambazo zingerudi kwa amri moja. Kwa sababu hiyo kuutambua umiliki mbaya mapema ni sehemu ya elimu ya msingi ya usimamizi wa seva.

Historia

Mfumo wa Unix ulianza kutengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani na Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao. Wakati huo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwenye terminali yake. Ilibidi pawe na njia ya kuzuia mtu mmoja asisome wala kufuta kazi za mwingine, kwa hiyo kila faili likapewa mmiliki. Kitabu cha mwongozo cha toleo la kwanza la Unix, cha Novemba 1971, tayari kilieleza amri za chown, inayobadilisha mmiliki, na chmod, inayobadilisha ruhusa. Amri hizo mbili zinatumika hadi leo.

Ritchie alibuni pia alama ya setuid, inayoiwezesha programu kufanya kazi kwa mamlaka ya mmiliki wa faili lake badala ya mamlaka ya mtu aliyeiita. Ombi la hataza ya ubunifu huo liliwasilishwa mwaka 1973 na hataza ikatolewa mwaka 1979.

Linus Torvalds alipoanza kutengeneza Linux mwaka 1991 alifuata utaratibu huohuo. Katika seva za leo, watumiaji wengi walioandikishwa kwenye kompyuta si watu bali ni programu. Kila huduma hupewa akaunti yake, na sheria zilizotungwa ili watu wasigongane sasa hutenganisha programu na programu.

Jinsi umiliki unavyofanya kazi

Kila faili na kila saraka ina rekodi ndogo inayotunzwa na mfumo wa mafaili. Ndani ya rekodi hiyo kuna mambo matatu yanayohusu umiliki: namba ya mmiliki, namba ya kundi, na ruhusa. Amri ya ls -l huonyesha habari hizo, kwa mfano:

-rw-r----- 1 mysql mysql 12582912 Machi 4 09:12 ibdata1

Mstari huu unasema kwamba faili la ibdata1 ni mali ya mtumiaji mysql na la kundi mysql. Mmiliki anaweza kulisoma (r) na kuliandika (w), wanakundi wanaweza kulisoma tu, na watumiaji wengine wote hawana ruhusa yoyote. Herufi ya tatu, x, huruhusu kuendesha faili kama programu. Ruhusa huandikwa pia kwa tarakimu: kusoma ni 4, kuandika ni 2 na kuendesha ni 1, kisha hujumlishwa. Faili la mfano huu lina ruhusa 640.

Mambo manne kuhusu utaratibu huu ndiyo chanzo cha makosa mengi.

Kwanza, diski huhifadhi namba, haihifadhi jina. Jina mysql hupatikana kwa kutafuta namba hiyo katika faili la /etc/passwd la kompyuta husika. Faili likihamishiwa kompyuta nyingine, namba ileile inaweza kuwa ya mtumiaji tofauti kabisa, au isiwe ya mtu yeyote.

Pili, ruhusa hazijumlishwi. Mfumo huuliza kwanza kama anayeomba ndiye mmiliki. Kama ndiye, ruhusa za mmiliki ndizo pekee zinazoangaliwa. Asipokuwa mmiliki, huangaliwa kama yumo katika kundi. Asipokuwamo, hutumika ruhusa za watu wengine. Kwa hiyo mmiliki aliyenyimwa ruhusa ya kusoma hawezi kulisoma faili lake hata kama watu wengine wote wameruhusiwa.

Tatu, saraka zina maana yake tofauti. Ruhusa ya x kwenye saraka ni ruhusa ya kupita ndani yake, na ruhusa ya w ni ruhusa ya kuunda na kufuta majina yaliyomo. Ili programu ifungue /srv/data/mysql/ibdata1 ni lazima iweze kupita katika saraka zote zilizotangulia. Mlango mmoja uliofungwa njiani unatosha kuizuia, hata kama faili la mwisho lina ruhusa zote.

Nne, mtumiaji mkuu, ambaye huitwa root na ana namba 0, hupita karibu vizuizi vyote hivi. Ndiyo maana jambo linalofanya kazi msimamizi anapolijaribu kama root huweza kukataa likifanywa na seva yenyewe.

Kwa nini seva haziendeshwi na mtumiaji mkuu

Seva huzungumza na watu isiowajua kupitia mtandao. Ikipatikana kasoro ya usalama ndani yake, mvamizi hupata mamlaka yaleyale iliyokuwa nayo. Seva inayofanya kazi kama root ikivamiwa, kompyuta nzima imetekwa. Seva yenye akaunti yake ndogo ikivamiwa, madhara kwa kawaida huishia kwenye mafaili ya akaunti hiyo.

Baadhi ya akaunti zinazojulikana ni:

- mysql, kwa ajili ya hifadhidata za MySQL na MariaDB;
- postgres, kwa ajili ya PostgreSQL;
- www-data, kwa ajili ya seva ya tovuti ya Apache katika Debian na Ubuntu;
- apache, kwa ajili ya seva hiyohiyo katika Red Hat na jamaa zake.

Baadhi ya programu hukataa kabisa kuendeshwa na mtumiaji mkuu. PostgreSQL na Elasticsearch hutoa ujumbe wa kukataa na kusimama. MySQL nayo hukataa isipokuwa imeagizwa waziwazi.

Apache hufuata njia ya katikati. Poti zenye namba chini ya 1024, kama 80 na 443 za tovuti, kwa desturi hufunguliwa na root tu. Kwa hiyo Apache huanza kama root, hufungua poti na mafaili ya kumbukumbu za matukio, kisha huwakabidhi kazi michakato midogo iliyo chini ya www-data. Kutokana na hilo Apache huweza kuwaka vizuri hata kama umiliki wa kurasa za tovuti ni mbaya. Tatizo huonekana baadaye, pale kivinjari cha msomaji kinapopata jibu namba 403. Hifadhidata nyingi hazina awamu hiyo ndefu ya mamlaka makubwa, na ndizo zinazogoma kuwaka kabisa.

Sababu za kawaida

Kuendesha seva mara moja kama root

Hii ni sababu ya kawaida mno. Seva inasumbua, msimamizi anaiwasha kwa mkono akiwa root ili aone inasema nini. Inawaka. Lakini kila faili jipya inaloliunda wakati huo, liwe la data, la kumbukumbu za matukio au la kufuli, linakuwa mali ya root. Inapozimwa na kuwashwa kwa njia ya kawaida, inakuta mafaili yake mwenyewe haiwezi kuyagusa. Jaribio la kutafuta tatizo limeleta tatizo la pili, na mara nyingi la kwanza lilikuwa dogo kuliko hilo.

MongoDB hutoa mfano mzuri. Ikiwaka huunda soketi iitwayo /tmp/mongodb-27017.sock. Saraka ya /tmp inaruhusu kila mtu kuandika, lakini ina alama ya t inayomruhusu kufuta faili mmiliki wa faili hilo, mmiliki wa saraka, au root peke yao. Soketi iliyoachwa na root haiwezi kufutwa na akaunti ya hifadhidata, na MongoDB husimama ikilalamika kwamba imeshindwa kuiondoa. Data zote ni nzima. Kinachozuia ni faili moja tupu.

Kurejesha nakala rudufu

Faili linalonakiliwa kwa cp -r huwa mali ya yule aliyelinakili. Root akinakili saraka ya hifadhidata kwa njia hiyo, nakala yote inakuwa ya root. Amri ya cp -a hutunza wamiliki wa awali, na rsync -a pia hutunza, mradi iendeshwe na root upande wa kupokea. Programu ya tar inapofungua kifurushi kama root hujaribu kurudisha wamiliki kwa kufuata majina. Ikiambiwa --numeric-owner hufuata namba.

Kuhamia diski au kompyuta mpya

Diski ikijaa, msimamizi huhamisha data kwenda diski kubwa zaidi. Mara nyingi umiliki wa mafaili ya ndani hutunzwa, lakini saraka ya juu ya diski mpya huweza kuwa mali ya root ikiwa na ruhusa 700. Mafaili ni sahihi. Lango la kuingilia ndilo limefungwa.

Katika kuhama kompyuta, tatizo ni namba. Katika Debian, namba kutoka 100 hadi 999 hugawiwa akaunti za huduma kwa kufuata mpangilio wa usakinishaji. Hifadhidata inaweza kuwa namba 112 kwenye kompyuta ya zamani na namba 118 kwenye mpya. Diski ikihamishwa, ls -l itaonyesha kwamba data za hifadhidata ni mali ya huduma nyingine isiyohusika.

Kontena

Programu zinazoendeshwa ndani ya kontena, kwa mfano kwa kutumia Docker, zina faili lao la /etc/passwd, lakini namba za watumiaji kwa kawaida ni zilezile zinazotambuliwa na kiini cha Linux. Katika kontena rasmi la PostgreSQL lililojengwa juu ya Debian akaunti ya postgres ni namba 999; katika lile lililojengwa juu ya Alpine ni namba 70. Nje ya kontena namba 999 inaweza kuwa na jina jingine kabisa, jambo linalowachanganya wanaosoma orodha ya mafaili.

Aidha, Docker ikiagizwa kwa kigezo cha -v kuunganisha saraka ambayo bado haipo, huiunda yenyewe, na saraka hiyo huwa mali ya root. Elasticsearch, ambayo ndani ya kontena lake rasmi hutumia namba 1000, haiwezi kuandika humo na husimama.

Saraka zinazofutika

Katika matoleo mengi ya Linux ya sasa, saraka ya /run ipo kwenye kumbukumbu ya muda, siyo diskini. Kila kompyuta inapowashwa upya, /run huanza ikiwa tupu. Seva zinahifadhi humo soketi na namba za michakato yao, kwa mfano katika /run/mysqld. Saraka iliyoundwa humo kwa mkono itatoweka umeme ukikatika, na seva iliyofanya kazi kwa miezi itagoma kuwaka. Tatizo linalojitokeza tu baada ya kuwasha kompyuta upya mara nyingi lina chanzo hiki.

Amri pana kupita kiasi

Amri ya chown -R hubadilisha mmiliki wa saraka na kila kilichomo. Ikipewa njia isiyo sahihi, kama /var badala ya /var/www, hubadilisha umiliki wa huduma zote kwa mpigo. Ikifika /usr huharibu pia zana za uokoaji: faili la programu likibadilishiwa mmiliki, Linux huliondolea alama ya setuid kwa ajili ya usalama. Hapo sudo hukataa kufanya kazi ikieleza kwamba ni lazima iwe mali ya namba 0 na iwe na alama hiyo.

Faili la mipangilio lisilosomeka

Root anapohariri faili la mipangilio, baadhi ya programu za uhariri huandika faili jipya na kuliweka mahali pa lile la zamani. Faili hilo jipya linaweza kuwa la root lenye ruhusa 600, na seva ikashindwa kusoma mipangilio yake.

Dalili

Ujumbe ulio wa kawaida kuliko wote ni «Permission denied», yaani ruhusa imekataliwa, ambao ndani ya mfumo una namba 13. Unaofanana nao ni «Operation not permitted», wenye namba 1. Wa kwanza kwa kawaida hutokea ruhusa za faili au saraka zinapokataa. Wa pili hutokea pale kitendo kinapohitaji kuwa mmiliki au root, kama vile kubadilisha ruhusa za faili la mwingine.

Kila seva ina namna yake ya kulalamika:

- MySQL husema kwamba faili la ibdata1 ni lazima liweze kuandikwa. Wakati mwingine husema kwamba faili halikuonekana, kisha huongeza namba 13 kwenye mabano. Namba hiyo ndiyo ya kuaminiwa: faili lipo, ila seva haikuruhusiwa kulifikia.
- PostgreSQL huangalia umiliki yenyewe kabla ya kuanza. Husema wazi kwamba saraka ya data ina umiliki usio sahihi na kwamba seva ni lazima iwashwe na mmiliki wa saraka hiyo. Hukataa pia saraka yenye ruhusa zaidi ya 700, au 750 kuanzia toleo la 11.
- Tomcat hushindwa kuunda faili la catalina.out katika saraka ya logs.
- Seva ya SSH hukataa kutumia funguo zake za siri zikiwa zinasomeka na watumiaji wengine. Ikikosa ufunguo hata mmoja unaofaa, husimama, na msimamizi aliye mbali hupoteza njia ya kuingia kwenye kompyuta.

Katika mifumo inayotumia systemd, taarifa ya huduma huonyesha pia namba ya kutoka. Namba 200 yenye neno CHDIR ina maana kwamba huduma haikuweza kuingia katika saraka yake ya kazi. Namba 203 yenye neno EXEC ina maana kwamba faili la programu halikuweza kuendeshwa. Namba 217 yenye neno USER ina maana kwamba kuna kasoro katika akaunti ya mtumiaji, mara nyingi kwa kuwa haipo.

Dalili inayopotosha zaidi ni ukimya. Faili la kumbukumbu za matukio likiwa mali ya mtumiaji mwingine, seva haiwezi kuandika humo sababu ya kushindwa kwake. Msimamizi hufungua faili hilo na kukuta mistari ya jana tu. Katika hali hiyo maelezo hutafutwa kwenye kumbukumbu za mfumo wenyewe.

Utambuzi

Uchunguzi hufuata hatua chache, na hakuna hata moja inayobadilisha kitu diskini.

1. Kusoma ujumbe. Amri ya systemctl status mysql huonyesha hali ya huduma, na journalctl -u mysql -b huonyesha ujumbe wote wa huduma hiyo tangu kompyuta ilipowashwa. Kinachotafutwa ni mambo mawili: njia kamili ya faili lililokataliwa, na namba ya kosa.

2. Kumjua anayeendesha seva. Jina huandikwa kwenye faili la huduma la systemd baada ya neno User=, au katika mipangilio ya seva yenyewe. Amri ya id mysql huonyesha namba ya akaunti na makundi yake.

3. Kuikagua njia nzima. Amri ya namei -l /srv/data/mysql/ibdata1 huorodhesha mmiliki na ruhusa za kila saraka kuanzia mwanzo wa mfumo hadi faili lenyewe. Saraka isiyopitika huonekana mara moja.

4. Kuyatafuta mafaili yaliyopotea mwenyewe. Amri ya find /var/lib/mysql ! -user mysql huorodhesha mafaili yote ndani ya saraka hiyo ambayo si ya mysql. Orodha tupu ina maana kwamba tatizo liko kwingine. Kigezo cha -nouser huonyesha mafaili ambayo namba ya mmiliki wake haina jina kwenye kompyuta hiyo.

5. Kujaribu kama seva. Amri ya sudo -u mysql head -c 1 /srv/data/mysql/ibdata1 humfanya mysql mwenyewe ajaribu kusoma faili. Jaribio linalofanywa na root halithibitishi chochote.

Utatuzi

Huduma huzimwa kwanza, na hali ya sasa ya umiliki huhifadhiwa kwa kuandika matokeo ya ls -lR katika faili pembeni. Kisha mmiliki hurekebishwa kwenye saraka inayohusika peke yake:

chown -R mysql:mysql /var/lib/mysql

Jina la kwanza ni la mmiliki na la pili ni la kundi. Katika Linux ni root tu anayeweza kumpa mtu mwingine faili. Baada ya hapo huduma huwashwa na kumbukumbu zake husomwa tena, kwa kuwa kurekebisha saraka ya data huweza kufichua kwamba saraka ya kumbukumbu au ya soketi nayo ina tatizo lilelile.

Mafaili ya soketi na ya kufuli yaliyoachwa na seva iliyokwisha kuzimwa yanaweza kufutwa, mradi imethibitishwa kwamba hakuna mchakato wa seva hiyo unaoendelea. Mafaili ya data hayafutwi. Majina kama ibdata1 yanaweza kuonekana kama takataka kwa mtu asiyeyajua, lakini ndani yake ndimo zilimo kumbukumbu za malipo, alama za wanafunzi au orodha za wagonjwa.

Amri pana ikiwa imeharibu umiliki wa mfumo mzima, matoleo ya jamii ya Red Hat huweza kurudisha wamiliki na ruhusa za mafaili ya vifurushi kwa kutumia rpm --setugids na kisha rpm --setperms. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu kubadilisha mmiliki huondoa alama ya setuid na ni lazima irudishwe baadaye. Amri hizo hazigusi data zilizoundwa baada ya usakinishaji.

Tatizo la ruhusa 777

Ushauri mmoja unaosambaa sana ni kutoa amri ya chmod -R 777, yaani kumruhusu kila mtu kufanya kila kitu. Mara nyingine seva huwaka baada ya hapo, ndiyo maana ushauri huo haufi. Una kasoro tatu.

Kwanza, huvunja ulinzi uliokuwa sababu ya kuwa na akaunti tofauti. Tovuti moja ikivamiwa, mvamizi anaweza kuandika ndani ya hifadhidata moja kwa moja.

Pili, baadhi ya programu hukataa mafaili yaliyo wazi mno. PostgreSQL haitawaka. Seva ya SSH itakataa funguo zake. MySQL itapuuza faili la mipangilio linaloweza kuandikwa na kila mtu. Itatoa onyo na kuendelea kama kwamba faili hilo halipo, ikitumia mipangilio ya awali badala ya ile iliyowekwa na msimamizi.

Tatu, huacha umiliki mbaya ulivyo. Faili jipya litakaloundwa na root kesho litakuwa na tatizo lilelile.

Umiliki ukiwa si chanzo

Mmiliki na ruhusa vinaweza kuwa sahihi na seva ikaendelea kukataliwa. Katika Red Hat na jamaa zake kuna SELinux, iliyotolewa kwa umma na shirika la usalama la NSA la Marekani mwaka 2000. Mfumo huo hubandika kila faili lebo, na seva huruhusiwa kugusa lebo zake tu. Lebo huonekana kwa ls -Z, na restorecon -Rv huzirudisha inavyotakiwa. Katika Ubuntu kuna AppArmor, inayofuata njia za mafaili: MySQL iliyohamishiwa saraka mpya hukataliwa mpaka njia hiyo iongezwe katika mipangilio ya AppArmor. Yote mawili hutoa namba 13 ileile, kwa hiyo huchanganywa na umiliki.

Namba nyingine zina maana tofauti. Namba 2 ni faili lisilokuwepo, namba 28 ni diski iliyojaa, na namba 30 ni mfumo wa mafaili uliofungwa usiandikwe, jambo linaloweza kuashiria diski inayokufa. Pamoja na MySQL huja programu ndogo ya perror inayoeleza maana ya namba hizi.

Katika diski za mtandao za NFS, seva ya mafaili kwa kawaida humshusha root wa kompyuta nyingine kuwa mtumiaji asiye na mamlaka. Hapo amri ya chown hukataliwa hata ikitolewa na root, na ni lazima ifanyike kwenye seva ya mafaili yenyewe.

Katika Windows

Mifumo ya Windows inayotumia mfumo wa mafaili wa NTFS nayo ina wamiliki, lakini ruhusa huandikwa katika orodha ndefu inayoweza kutaja watumiaji na makundi mengi kwa faili moja. Huduma pia zina akaunti zake. Kwa mfano SQL Server huweza kutumia akaunti iitwayo NT SERVICE\MSSQLSERVER. Data zikihamishiwa saraka ambayo akaunti hiyo haikuruhusiwa, huduma hushindwa kuanza na kosa namba 5, «Access is denied», ambalo ndilo sawa na namba 13 ya Unix.

Kinga

Njia kuu ya kinga ni kutowasha huduma kwa mkono kama root, bali kupitia msimamizi wa huduma kama systemd. Inapobidi kuijaribu kwa mkono, hutumika sudo -u pamoja na jina la akaunti yake.

Saraka za /run hazifai kuundwa kwa mkono. Neno RuntimeDirectory= katika faili la huduma huiagiza systemd kuunda saraka hizo zikiwa na mmiliki sahihi kila huduma inapowashwa.

Nakala rudufu hutakiwa kujaribiwa kwa kuirejesha kwenye kompyuta nyingine na kuiwasha seva juu yake. Nakala iliyo kamili lakini isiyotunza wamiliki huonekana nzima hadi siku ya msiba. Mahali penye kompyuta kadhaa zinazobadilishana diski, akaunti za huduma hupewa namba zilezile kwenye kompyuta zote kabla ya programu kusakinishwa.

Tazama pia

- Unix
- Linux
- Seva
- Hifadhidata
- Mfumo wa uendeshaji
- Usalama wa kompyuta